Umefikia kwa Nani? Hotuba Kuhusu Ufunguo wa Kigeni Katika Majedwali ya Kanzidata

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, mafundi wenzangu wa mifumo, nanyi wanafunzi mlioacha mapumziko ya Jumamosi mkaja kukaa kwenye viti vigumu hivi: itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumze kuhusu usanifu wa majedwali ya kanzidata, somo ambalo haliishi kwa mchana mmoja. Kwa hiyo nimelipunguza mpaka limebaki jambo moja, nalo ni sharti la ufunguo wa kigeni: kwa nini liandikwe ndani ya kanzidata yenyewe, na kwa nini uamuzi wa namna ya kuliandika usiachiwe fundi peke yake. Nitapitia mfumo mmoja niliowahi kuushughulikia, wa chama cha akiba na mikopo ambacho sitakitaja jina, kwa kuwa makosa nitakayoyaeleza ni ya kawaida mno na kukitaja kungekuwa ni kukionea.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Nitasema kanzidata kwa kile ambacho wengine wenu mnakiita hifadhidata. Mstari ni rekodi moja inayokwenda mlalo, kama mstari wa daftari la mahudhurio, na safu ni kile kinachoshuka wima. Ufunguo msingi ni thamani inayoutambulisha mstari mmoja tu ndani ya jedwali lake. Ufunguo wa kigeni ni thamani hiyo hiyo ikiwa imekwenda kukaa katika jedwali jingine. Namba ya mwanachama ni ufunguo msingi nyumbani kwake, yaani katika jedwali la wanachama, lakini ikiandikwa katika jedwali la mikopo inakuwa mgeni.

Na hapa Kiswahili kimetupendelea, maana kwetu mgeni si mtu baki tu. Ni mtu aliyefikia kwa mtu. Waliokulia katika mitaa yenye mjumbe wa nyumba kumi wanajua kwamba mgeni akionekana jioni na begi lake, swali linalomsubiri ni moja: umefikia kwa nani? Akitaja nyumba, mjumbe huenda kuugonga mlango wa nyumba ile, na kama nyumba hiyo haipo, mgeni halali mtaani. Sharti la ufunguo wa kigeni ni mjumbe huyo. Kila mstari wa mkopo unapoingia, kanzidata inauuliza umefikia kwa mwanachama gani, inakwenda kugonga katika jedwali la wanachama, na ikikosa jibu inaukataa.

Sasa nirudi kwenye chama chetu. Siku niliyoitwa, mhasibu alikuwa ameweka karatasi mbili juu ya meza, moja kando ya nyingine, na amezipigia mstari mwekundu chini. Karatasi ya kwanza ilionesha jumla ya mikopo ambayo haijalipwa. Ya pili ilikuwa orodha ya wadaiwa jina kwa jina, ambayo hupelekwa kwa waajiri kila mwezi ili marejesho yakatwe kwenye mishahara. Jumla ya karatasi ya pili ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza, na pengo lilikuwa likipanuka mwezi hadi mwezi. Alikwishajumlisha kwa kikokotoo mara tatu, na bila kusema wazi alikuwa ameanza kumshuku mtu.

Hakuna aliyeiba. Ripoti ya kwanza ilijumlisha jedwali la mikopo peke yake. Ya pili ililiunganisha jedwali hilo na lile la wanachama ili ipate majina, na mkopo wowote uliobeba namba ya mwanachama asiyekuwepo ulidondoka njiani kimyakimya, kwa sababu ndivyo uunganishaji wa kawaida unavyofanya: mstari usiopata mwenzake hautokei kabisa. Niliandika ulizo hili, yaani swali kwa kanzidata, linaloomba kila mkopo ambao mwanachama wake haonekani:

SELECT m.namba, m.namba_mwanachama, m.kiasi
FROM mikopo m
LEFT JOIN wanachama w ON w.namba = m.namba_mwanachama
WHERE w.namba IS NULL;

Ikatoka mistari 37, ile ambayo sisi mafundi huiita mistari yatima: mikopo 37 iliyotolewa kwa fedha halisi na isiyodaiwa kwa mtu yeyote.

Mistari 22 kati ya hiyo ilizaliwa na usafi. Karani mmoja mwenye bidii aligundua kwamba baadhi ya wanachama wamesajiliwa mara mbili, akaamua kufuta usajili mmoja wa kila mmoja wao, na kwa kuwa usajili mpya ulikuwa na picha na namba ya simu, alifuta ule wa zamani. Mkopo ulikuwa umening'inia kwenye ule wa zamani. Mwalimu mmoja, mtu mwaminifu kuliko mfumo wetu, alikuja mwenyewe ofisini kuuliza mbona miezi mitano mshahara wake haukatwi, akaambiwa ashukuru Mungu arudi kazini.

Mistari 14 ilitoka kwenye faili la Excel. Namba za uanachama za chama kile zina tarakimu tano na huanza na sifuri kwa wale wa mwanzo, mathalani 00417. Mtu aliyekuwa akihamisha mikopo ya zamani kutoka Excel kuja kwenye kanzidata hakuiambia Excel kwamba safu ile ni maandishi, nayo Excel ikaona namba, ikang'oa sifuri, ikabaki 417. Kwa jicho la binadamu 417 na 00417 ni mtu mmoja. Kwa kanzidata ni maandishi mawili yasiyofanana. Ubaya wa kosa hili ni kwamba lilimpata mwanachama mwanzilishi, yule mwenye namba ndogo, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mstari mmoja wa mwisho nitauacha pembeni kwa sasa.

Nilipomuuliza fundi aliyeujenga mfumo ule kwa nini hakuweka sharti la ufunguo wa kigeni, alinijibu jibu ambalo hata mimi nimewahi kulitoa nikiwa kijana: programu inakagua. Na ni kweli ilikuwa inakagua. Katika fomu ya kuombea mkopo, ukiandika namba isiyokuwepo, herufi nyekundu zilitokea. Lakini karani hakufuta wanachama kupitia fomu ya mikopo; alipitia skrini ya wanachama, na huko hakuna aliyewaza kuuliza kuhusu mikopo. Faili la Excel halikupitia fomu yoyote. Liliingizwa moja kwa moja kwenye seva usiku. Programu ilikuwa mlango mmoja wa nyumba yenye milango mitatu, na hiyo ni siku ile niliyoikuta. Baadaye iliongezwa programu ya simu, kisha kiunganishi cha malipo ya simu, kila kimoja na fundi wake, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kusoma msimbo wa mwenzake. Kanzidata ndiyo sehemu pekee ambayo wote hawa hawawezi kuizunguka. Programu hubadilishwa kila baada ya miaka michache, lugha yake ikichakaa inatupwa. Data ya mwanachama aliyejiunga kabla mimi sijaanza kazi bado ipo na bado anaidai riba yake.

Niwarudishe nyuma kidogo, kwa maana historia ya jambo hili inaeleza kwa nini sharti linahitajika. Mwaka 1970, mwezi Juni, Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyopendekeza data ihifadhiwe katika majedwali yanayohusiana kwa thamani peke yake. Ufunguo wa kigeni umetajwa na kufafanuliwa katika makala hiyo hiyo ya kwanza. Kabla yake, mifumo kama IMS ya IBM ilipanga data kama mti: mtoto alikaa chini ya mzazi, akifikiwa kwa kupitia mzazi, na mzazi akifutwa watoto walikwenda naye. Mkopo yatima katika mpangilio wa namna hiyo hauna mahali pa kukaa. Codd alizikata kamba hizo. Tangu hapo mkopo na mwanachama wakawa majedwali mawili huru, yanayofahamiana tu kwa sababu namba fulani inaonekana kote kuwili, na uhuru huo ndio uliotupa uwezo wa kuuliza data maswali ambayo mbunifu wake hakuyawaza. Alipewa tuzo ya Turing, ile kubwa ya sayansi ya kompyuta, mwaka 1981, na aliistahili. Lakini mkikata kamba lazima muweke kitu kingine cha kushika, na hicho ndicho sharti tunalolizungumzia leo.

Kwa bahati mbaya utekelezaji ulichelewa. Kiwango cha kwanza cha SQL, lugha ya kuiagiza kanzidata, cha mwaka 1986, hakikuwa na sharti hili. Liliingia katika marekebisho ya 1989, na kiwango cha 1992 ndicho kilicholeta maneno ya kueleza kifanyike nini mzazi, yaani mstari unaotegemewa na mingine, anapofutwa au kubadilishiwa namba. Katika miaka hiyo ya kusubiri mafundi walizoea kukagua kwenye programu, wakawafundisha wanafunzi wao, na wanafunzi hao ndio waliotufundisha sisi. Mazoea mengine tunayoyaita ustadi ni kumbukumbu tu ya kifaa kilichokosekana.

Hivi ndivyo jedwali la mikopo lilivyopaswa kuandikwa tangu siku ya kwanza:

CREATE TABLE mikopo (
  namba bigint PRIMARY KEY,
  namba_mwanachama char(5) NOT NULL,
  kiasi numeric(14,2) NOT NULL,
  CONSTRAINT mkopo_na_mwanachama_wake
    FOREIGN KEY (namba_mwanachama)
    REFERENCES wanachama (namba)
    ON DELETE RESTRICT
);

Naomba mtazame mambo matatu. La kwanza ni NOT NULL. Ufunguo wa kigeni wenyewe hauzuii utupu. Safu ikiachwa wazi, mjumbe hagongi mlango wowote, kwa hoja kwamba asiyedai kuwa mgeni wa mtu hana cha kuulizwa. Kama mkopo hauwezi kuwepo bila mwanachama, lazima mseme hivyo kwa neno lake. La pili ni aina ya data: safu mbili ziwe za aina moja, herufi tano kwa herufi tano, vinginevyo kanzidata nyingine itawakatalia hapo hapo na nyingine itawakubalia iwasumbue baadaye. La tatu ni jina la sharti. Msipolipa jina, kanzidata italibatiza jina lake yenyewe, na jina hilo ndilo litakalotokea kwenye ujumbe wa kosa saa nane za usiku. Mimi nimelipa jina la Kiswahili kwa makusudi, nanyi mtaona lilivyonisaidia.

Mstari wa mwisho wa tamko lile, ON DELETE, ndio wenye uzito kuliko yote, na ndio ambao vijana wengi huunakili kutoka mahali bila kuusoma. Sharti lina pande mbili. Upande wa kwanza ni mgeni anapoingia, na huo wote tunaukumbuka. Upande wa pili ni mwenyeji anapohama: nyumba ikibomolewa, wageni waliomo wanakwenda wapi? SQL inatoa majibu machache. RESTRICT inasema nyumba haibomolewi mpaka wageni watoke. CASCADE inasema nyumba na wageni vyote viende. SET NULL inasema wageni wabaki, ila wasahau walikofikia. Hakuna jibu lililo sahihi siku zote, na hakuna hata moja ambalo fundi analijua kutoka kichwani mwake, kwa sababu hili si swali la kompyuta.

Nililipeleka kwa katibu wa chama, mama wa makamo aliyekuwepo tangu chama kinaanzishwa. Nikamuuliza: "Mama, mwanachama akiondoka au akifariki, tumfute pamoja na mikopo yake, au tukatae kumfuta?" Alinitazama kama mtu niliyeuliza kama ofisi ina mlango. "Mwanangu," akasema, "hapa hatufuti mtu. Aliyefariki tunamfunga, aliyehama tunamfunga, hata aliyefukuzwa tunamfunga. Siku mrithi akija na hati ya mahakama nitamwonesha nini?" Katika sentensi chache alikuwa amenipa usanifu mzima: jedwali la wanachama linahitaji safu ya tarehe ya kufungwa, na funguo zote zinazolielekea zinahitaji RESTRICT. Karani hakuwa na kosa la kufuta. Kosa lilikuwa letu, kwa kumpa kitufe cha kufuta katika ofisi ambayo haina desturi ya kufuta.

Tuliendelea hivyo jedwali kwa jedwali kwa siku mbili. Ratiba ya marejesho, yaani mistari inayosema tarehe fulani kiasi fulani kinatarajiwa, ni kiungo cha mkopo wenyewe, na mkopo uliofunguliwa kwa makosa ukifutwa siku hiyo hiyo ratiba yake haina maana. Hapo CASCADE ilikubalika. Malipo yaliyokwisha pokewa ni jambo jingine kabisa, kwa sababu stakabadhi iko mkononi mwa mtu, na mkopo wenye malipo hata mmoja usifutike. Wadhamini walipewa jedwali lao lenye funguo mbili za kigeni, mmoja kwenda kwenye mkopo na mwingine kwenda kwa mwanachama anayedhamini, na katibu akasisitiza kwamba mdhamini aliyesaini hawezi kuyeyuka mkopo ukiwa hai. Upande wa afisa aliyeidhinisha mkopo, mimi nilifikiria SET NULL akiacha kazi; mhasibu akaniuliza kwa upole kama ninataka mkaguzi wa hesabu akute mikopo isiyo na aliyeidhinisha. Afisa naye anafungwa, hafutwi.

Kuhusu CASCADE nawaomba muwe na hofu ya kiasi. Katika nakala ya majaribio niliweka CASCADE kuanzia tawi kwenda kwa wanachama, kutoka kwa wanachama kwenda kwenye akaunti, na kutoka kwenye akaunti kwenda kwenye miamala, kisha nikafuta mstari mmoja wa tawi dogo. PostgreSQL, programu ya kanzidata tuliyokuwa tukiitumia, ilinijibu DELETE 1, yaani mstari mmoja umefutwa. Hilo moja ni tawi. Wanachama wake wote, akaunti zao na miamala ya miaka yote vilikuwa vimekwenda, na kanzidata haikusema uongo, kwa kuwa inahesabu tu mistari ya jedwali uliloliamuru. Nilimwita fundi mwenzangu aje atazame skrini ile, tukakaa kimya kidogo.

Sasa nipite haraka kwenye mitego ya zana zenyewe. SQLite, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya programu nyingi za simu ambazo maafisa wetu hubeba wakienda vijijini, ilianza kusimamia sharti hili katika toleo 3.6.19 la mwaka 2009, lakini kwa kawaida yake imelizima; msipotoa amri PRAGMA foreign_keys = ON kila mnapofungua muunganisho, tamko lenu ni mapambo. MySQL, programu nyingine ya kanzidata, kwa miaka mingi ilitumia injini ya kuhifadhi data ya MyISAM, iliyosoma tamko la ufunguo wa kigeni, ikaitikia ndiyo, na isifanye lolote. Toleo la 5.5 la mwaka 2010 ndilo lililoifanya InnoDB, inayolisimamia sharti, kuwa injini ya kawaida, na hata humo, kwa muda mrefu REFERENCES iliyoandikwa kwenye mstari wa safu badala ya chini kama sharti kamili ilipuuzwa bila onyo. Kwa hiyo mkirithi mfumo wa zamani, msiamini maandishi yake. Jaribuni kuingiza mkopo wa mwanachama asiyekuwepo, mwone kama unakataliwa.

Mtego mwingine ni wa kasi. PostgreSQL haiiwekei faharasa, yaani orodha ya kutafutia mstari upesi, safu ya ufunguo wa kigeni katika jedwali la mtoto, kama mikopo au miamala. Inategemea ile ya jedwali la mzazi tu, kama wanachama, ambayo lazima iwepo. Mkopo ukiingia, kuutafuta mlango wa mwanachama ni kazi ndogo. Lakini siku mnapofuta mwanachama mmoja au kumbadilishia namba, kanzidata lazima iulize kama kuna muamala wowote unaomtegemea, na bila faharasa kwenye safu ile italisoma jedwali zima la miamala kwa ajili ya mtu mmoja. Nimesikia mara nyingi watu wakisema ufunguo wa kigeni unachelewesha mfumo, na mara nyingi, nikiangalia, nakuta faharasa hiyo haipo. InnoDB huiweka yenyewe.

Haina maana kwamba malalamiko yote ya kasi ni uvivu. Mfumo uliogawanywa kwenye seva nyingi, wanachama huku na miamala kule, hauwezi kwa urahisi kumtuma mjumbe kugonga mlango ulio kwenye mashine nyingine, na wanaoendesha mifumo ya ukubwa huo hulazimika kukagua kwa njia nyingine. Lakini tuwe wakweli: wangapi kati yetu humu tuna mfumo wa namna hiyo? Chama chenye wanachama wasiofika 13,000 kinatoshea kwenye kompyuta ambayo baadhi yenu mmeibeba mgongoni.

Data inayotoka nje, kama lile faili la Excel, ina dawa yake. Itengenezeeni jedwali la mapokezi lisilo na sharti lolote, kila safu ikiwa maandishi matupu, na kutoka hapo ndipo ihamie kwenye jedwali la kweli lenye masharti. Yanayokataliwa yabaki mapokezi na sababu yake. Hili ni la lazima zaidi kwa namba ya kitambulisho cha taifa. Namba ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho ya Tanzania, ina tarakimu 20, na Excel inatunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Iliyozidi inageuzwa sifuri. Ukifungua faili la wanachama bila kuitangaza safu ile kuwa maandishi, kila mtu anabaki na tarehe yake ya kuzaliwa mwanzoni mwa namba, na sifuri tano mwishoni. Inaonekana kama namba halali. Haitoshei hata kwenye namba kamili ya biti 64 ya kanzidata, basi iacheni iwe maandishi kama alivyoiandika aliyeitoa.

Na kwa kuwa nimegusa vitambulisho: msiifanye namba ya simu kuwa ufunguo msingi wa mtu, hata kama malipo yote yanapita kwenye simu. Mtu hubadili laini, na laini iliyotelekezwa hupewa mtu mwingine. Hapo mgeni anajikuta kwenye nyumba ile ile yenye mwenyeji mpya, na sharti halitaona kosa lolote.

Neno hilo linanipeleka kwenye mipaka ya sharti lenyewe. Linahakikisha kwamba mwanachama aliyetajwa yupo katika jedwali. Halihakikishi kwamba yupo duniani. Sote tunakumbuka habari za wafanyakazi hewa. Mfanyakazi hewa aliyesajiliwa vizuri katika jedwali la watumishi anapita kwenye ufunguo wa kigeni wa mishahara bila wasiwasi, tena kwa heshima zote, kwa sababu ana mwenyeji. Ndiyo maana tulipokuwa tukirekebisha mikopo yetu 37 nilikataa pendekezo la kutengeneza mwanachama mmoja wa bandia, namba 99999, tukamtwika mikopo yote yatima ili sharti likubali kuwekwa. Sharti lingekubali, na tungekuwa tumemzaa mwanachama hewa kwa mikono yetu.

Badala yake tuliweka sharti kwa NOT VALID, neno la PostgreSQL linalosema kwamba mistari mipya ikaguliwe kuanzia sasa na ya zamani isubiri. Tangu mchana ule hakuna yatima mpya aliyezaliwa. Kisha tukawashughulikia wa zamani mmoja mmoja. Wale 14 waliopoteza sifuri walirudishiwa kwa amri moja, baada ya katibu kulinganisha majina na fomu za karatasi. Wale 22 walihamishiwa kwenye usajili wao mpya, na mwalimu wetu alipigiwa simu aambiwe kwamba makato yataanza tena, habari ambayo aliipokea kwa utulivu mkubwa.

Ukabaki ule mstari mmoja. Ulikuwa na namba ya mwanachama 18240, na chama hakijawahi kufikisha wanachama wengi hivyo. Faili la karatasi halikuonekana. Katibu alitoa daftari la kamati ya mikopo, akafungua mwezi husika, akashuka kwa kidole mpaka kwenye kiasi kinachofanana, na pembeni yake kwa kalamu ya bluu ilikuwa imeandikwa 12840. Mtu alipishanisha tarakimu mbili wakati wa kuandika. Nilifurahi, halafu nikajiuliza ingekuwaje kama angekosea kwa kuandika 12480, namba ambayo ina mtu. Sharti lingepokea, ripoti zote mbili zingelingana mpaka senti, na mwanachama asiyehusika angeanza kukatwa mshahara. Kosa la namna hiyo tulilitafutia njia nyingine: fomu sasa inaonesha jina na picha ya mwanachama kabla ya kuhifadhi, na keshia anamtazama mtu aliyesimama mbele yake.

Jioni ile niliendesha VALIDATE CONSTRAINT, kanzidata ikasoma mikopo yote tangu wa kwanza, haikulalamika. Karatasi mbili za mhasibu zikatoka na jumla moja.

Wiki ya pili yake keshia wa tawi alijaribu kufuta usajili uliojirudia, kwa kuwa kitufe kilikuwa bado hakijaondolewa. Programu ile, iliyoandikwa bila huruma, ilimtupia ujumbe wa kosa mzima kama ulivyotoka kwenye seva, mistari miwili ya Kiingereza. Hakunipigia simu mimi. Alimpigia katibu, akamwambia kwamba mashine imekataa, na kwamba katikati ya maneno yake ameona imeandikwa "mkopo na mwanachama wake". Je, huyu mtu ana mkopo? Katibu akafungua daftari. Alikuwa nao.

Ahsanteni sana. Kama kuna maswali, nipo.